Maji Niliyomkataza Joyeuse

Jumamosi, 6 Januari

Joyeuse ameenda. Basi liliondoka mbele ya kanisa, mvua ikinyesha, akina mama tumejifunika pagne, vitenge vyetu, kichwani kama tumefiwa. Nilizoea kuongea naye wakati wa kuosha vyombo, mi nasugua, yeye anasuuza. Leo nimejikuta naongea na sufuria. Basi nimechukua cahier yake ya mwaka jana, kurasa za nyuma bado nyeupe, niongee humu. Nilisoma mpaka ya pili ya sekondari. Mkono haujasahau.

Shule yetu ya parokia imefanya échange na shule moja ya Kalemie, kule kwenye ziwa Tanganyika. Watoto wa kwetu watakaa kule mpaka karibu na Pasaka, na wa kule watakaa kwetu Kolwezi, kila mmoja kwa mama wa mwenzake, waone wenzao wanaishi namna gani. Joyeuse ana miaka kumi na miwili. Tangu Oktoba alikuwa anachora ziwa hata kwenye cahier ya hesabu.

Kabla hajapanda basi nilimvuta nyuma ya ukuta wa shule.

“Unajua Kisimba alifia wapi.”

“Najua, mama.”

Kisimba alikuwa mtoto wa jirani yangu, Mama Tatiana. Mvua za mwaka jana alizama kwenye shimo la zamani la machimbo lililojaa maji. Mi ndiye niliyemfunga kidevu.

“Basi lapa. Hautaingia mu maji ya ile ziwa. Hata kunawa miguu.”

“Nalapa.”

“Hapana vile. Lapa ku kaburi ya Kambo.”

Akaniangalia. Kambo ni mama yangu mzazi. Nilimzaa Joyeuse nikiwa bado msichana wa shule, na Kambo ndiye aliyemlea mpaka alipoanza masomo. Amelala Mutshatsha. Kwetu mtu akilapa kwa kaburi la wake, hapo mchezo umekwisha. Joyeuse akainama, akagusa udongo kwa kidole, akajipaka kwenye paji la uso, akasema maneno yote kama nilivyomwambia. Halafu akakimbilia basi na udongo wake usoni.

Moyo wangu umetulia. Nimefanya kazi ya mama.

Jumapili, 7 Januari

Mgeni wetu amefika. Anaitwa Hawa, rika moja na Joyeuse, mrefu kidogo, kitambaa kichwani, watu wao ni Waislamu wanaouza vitambaa na samaki. Aliingia akasema, “Shikamoo, mama.”

Merdi, wangu wa miaka mitano, akanigeukia. “Mama, anasema yee ni nani?”

“Ananisalimia. Nyamaza.”

“Hapa mnasemaje?” Hawa akauliza.

“Shiye tunasema yambo tu.”

“Yambo tu? Hata kwa mkubwa?”

“Hata kwa mukubwa. Akitaka zaidi, angoye sikukuu.”

Alicheka mpaka akaweka mfuko chini. Nami nikacheka. Sikumbuki lini nilicheka kwa mara ya mwisho huku mtoto mdogo yuko mgongoni.

Jumanne, 9 Januari

Mvua. Nguo hazikauki. Dodo, wangu wa mgongoni, anaota jino, halali, na mi silali.

Jumapili, 14 Januari

Joyeuse amepiga kwa simu ya mama yake Hawa. Sauti yake ilikuwa mbali, na nyuma yake kitu kinavuma, kinanyamaza, kinavuma.

“Mama, hii ziwa haina ngambo! Unaangalia, unaangalia, hakuna kitu!”

“Umeingia?”

“Hapana.”

“Hata miguu?”

“Hata miguu, mama.”

“Muzuri. Batu ba pale banakuambia uingie?”

“Banasema. Mi nakatala.”

“Muzuri sana, mama yangu.”

Unité za simu zikaisha. Baadaye, nikimenya mihogo, nikakumbuka sikumuuliza kama anakula vizuri, wala analala na nani.

Jumatano, 17 Januari

Hawa anacheka foleni yetu ya bomba. “Mama, nyie mnachota maji kama mnaiba. Mnaangalia nyuma, mnaangalia mbele, mnakimbia na bidon.” Anasema kwao vyombo vinasuguliwa kwa mchanga ziwani na samaki wadogo wanakuja kula masalio vidoleni. Merdi amekataa kuamini. Sasa anaweka vidole kwenye beseni, anangoja.

Jumapili, 21 Januari

Leo ni Mama Hawa mwenyewe aliyepiga. Ana sauti nzito ya mtu anayeuza sokoni, lakini anaongea na mi polepole, kwa heshima.

“Mama Joyeuse, mtoto wako ana adabu kuwapita wangu wote. Lakini nikuulize, usikasirike. Kwenu kuna mwiko wa maji?”

“Mwiko gani?”

“Hashuki ziwani. Sisi tunaoga kule, tunafua kule, vyombo kule. Yeye namchotea ndoo, namwekea nyuma ya nyumba kama mzazi aliyejifungua jana. Watoto wa jirani wamempa jina. Wanamwita Paka.”

Masikio yangu yakapata moto. Nikasema, “Bamuite paka. Paka yangu iko muzima.”

“Haya, mama. Mtoto ni wako.”

Niliweka simu chini kama mtu aliyeshinda kesi. Nilipogeuka, Hawa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia sauti ya mama yake. Hata sikukumbuka kumpa simu.

Alhamisi, 25 Januari

Hakuna kitu. Sombe ya majani ya mihogo, ugali wa bukari, mvua.

Ijumaa, 2 Februari

Maître Ngoyi, mwalimu aliyefuatana na watoto, amenipigia kutoka Kalemie.

“Mama Joyeuse, huku programme yote iko mu maji.”

“Kwani balienda kusoma ao kuoga?”

“Kuoga ndiyo kusoma kwa huku, mama.”

Akanieleza. Kila alasiri kuna mwalimu mwanamke anayewafundisha kuogelea kwenye kihori ambako maji yanafika kiunoni. Jumamosi ya kwanza ya Machi mashua itawapeleka kijiji cha wavuvi nyuma ya rasi. Watalala kwenye nyumba za wavuvi, wataanika ndakala, wale samaki wadogo, pamoja na wanawake wa kule, watasikia namna wanavyoishi. Hiyo ndiyo roho ya safari yote. Lakini shule ile ina sheria: kuna mti umesimikwa majini wa kufungia mitumbwi, na mtoto asiyeweza kuogelea mpaka pale na kurudi hapandi mashua.

“Joyeuse iko nashinda ku muchanga,” akasema. “Anabachungia benzake nguo. Mi namuuliza, anajibu amelapa. Mumufungule, mama. Iko na akili, akianza hata katikati ya mwezi atafika ku ule muti.”

“Nitafikiri.”

Nimefikiri. Hapana. Akae mchangani, arudi na mwili wake mzima. Mashua haijawahi kuzaa mtoto.

Jumamosi, 10 Februari

Nitaandika yote.

Nilikuwa natoka sokoni, Dodo mgongoni, mvua imetupa nafasi kidogo. Merdi akaja mbio amevua viatu. “Mama! Hawa iko mu muto! Iko naogelea sawa samaki! Batu bote bako banaangalia!”

Mto wetu unapita chini ya kartie, mtaa tunaokaa. Juu yake watu wanaosha mawe ya madini mchana kutwa, na maji yanatufikia yakiwa mekundu, siku nyingine ya kijani. Hapa mtoto anajua kwamba ule mto hauguswi kabla hajajua kutembea. Hata bata hawashuki tena. Ni kitu ambacho hatusemi kwa sababu hakuna asiyekijua.

Nilikimbia na Dodo anagonga kichwa kwenye mgongo wangu. Nikamkuta katikati ya maji, kichwa nje, meno yote nje. Akanipungia mkono.

“Mama, njoo uone! Kumbe na nyie mna maji!”

Nilimpigia kelele ambayo sijawahi kumpigia hata Joyeuse. Akatoka, gauni limemganda, kitambaa kakishika mkononi, anaangalia chini, watoto wa kartie wanamcheka. Nyumbani nikammwagia bidon zote za maji ya kunywa, sabuni, tena maji, tena sabuni. Hakuuliza kwa nini. Jua lilipoanza kushuka, shingo yake na mapaja vilikuwa vimejaa vipele, na macho mekundu kama ya mtu aliyelia wiki nzima.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alitoa pomada na dawa ya macho.

“Mutoto wa nani huyu?”

“Wa kwangu.”

“Na haukumuambiaka ile maji haiguswe?”

Nikachukua dawa, nikamshika Hawa mkono.

Mtoto wangu nilimfunga kwa jina la marehemu, juu ya ziwa ambalo sijaliona hata kwenye picha. Mtoto wa mwenzangu, aliyewekwa mikononi mwangu, nilimwacha kando ya maji ninayoyajua bila neno hata moja.

Ilinibidi nimpigie mama yake. Nilijiandaa kwa matusi. Nikamweleza yote, sikuficha. Upande wa pili lile ziwa lao linavuma.

“Anaona?”

“Anaona. Macho yamevimba kidogo.”

“Anakula?”

“Anakula.”

“Basi, mama. Huyo akiona maji, akili yake anaiacha na viatu. Hukujua tu. Pole na wewe.”

Mimi ndiye niliyepewa pole. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 12 Februari

Vipele vimeanza kukauka. Hawa amemwambia Merdi yeye sasa ni nanasi.

Mama Tatiana alikuja tutwange sombe pamoja. Nikamsimulia ya mto, na maneno yakafuatana mpaka nikafika kwenye kiapo cha Joyeuse. Alikuwa na mchi mkononi.

“Ulitaya Kisimba wangu?”

“Nilitaya jina yake, ndiyo. Juu Joyeuse aogope.”

Akatwanga. Akatwanga tena. Nilidhani amemaliza.

“Sasa sikia, Mama Joyeuse. Ile siku batoto baliingia bengi mu lile shimo. Bengine balitoka, bako pale banakula mikate. Kisimba hakukufa juu ya kuingia. Alikufa juu hakuna mutu alimufundisha kutoka.” Akaweka mchi chini. “Na weye, mutoto wako banataka kumufundisha kutoka, unakatala, unakatala na jina ya wangu. Ungeniuliza mbele.”

Alibeba sombe yake ikiwa haijalainika, akaenda.

Jumanne, 13 Februari

Nimempigia Joyeuse mapema, kabla hajaenda shule.

“Joyeuse, nimeondoa kile kiapo. Uingie mu maji na benzako. Ujifunze.”

Kile kitu kinavuma, kinanyamaza.

“Mama, na Kambo?”

“Kambo atasikia.”

“Atasikia namna gani? Mi nililapa kwake, hapana mu simu.”

“Mi ndiye mama yako.”

“Na yee alikuwa mama yangu.”

Nilitaka kumkemea, lakini kuna mahali pa kumkemea hapo? Ni kweli. Tena anajua desturi vizuri, Kambo mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Kwetu aliyefunga kwa kaburi anaenda kwenye kaburi. Anabeba pemba, ule udongo mweupe, anapaka, anasema kwa sauti mbele ya marehemu kwamba amefungua. Asipoenda, mafundo yanabaki. Mchungaji anasema hayo ni ya zamani, damu ya Yesu inatosha. Mi mwenyewe Jumapili nasema amina. Lakini siku ile nyuma ya ukuta wa shule nilichagua fundo hilo kwa sababu nilijua haliwezi kufunguka ovyo.

“Nitaenda Mutshatsha,” nikamwambia. “Jumamosi hii.”

“Sawa, mama,” akasema, na nikasikia furaha yake inavuka mito na mbuga zote mpaka kwangu. “Ukifika uniambie. Nitaingia ile siku ile.”

Jumamosi, 17 Februari

Sikuenda. Dodo ana homa tangu jana. Malaria.

Jumatatu, 19 Februari

Homa imeshuka. Mvua haijapungua, ni kama imepanga nyumba hapa.

Jumatano, 21 Februari

Nilienda kwenye kituo cha pikipiki na Dodo mgongoni. Wamenicheka. Barabara ya Mutshatsha imekatika mahali pawili, malori yamelala kwenye tope. “Mama, hata Mungu leo hatoke,” kijana mmoja akasema.

Ningeondoka siku ile ile ya tarehe kumi na tatu, barabara ilikuwa bado nzima. Lakini nilisema Jumamosi, kwa sababu Jumamosi ni siku ya mapumziko, na nilikuwa nimechoka.

Alhamisi, 22 Februari

“Mama, umeenda?”

“Bado, mama. Barabara.”

“Sawa.”

Hiyo sawa haikuwa kama ile ya kwanza.

Jumamosi, 24 Februari

Baba yao, Mukalay, amepita nyumbani siku moja, lori lake linapakia kwenda Fungurume. Amekula, amelala, amesikia habari zote. “Ulifunga weye, fungula weye,” akasema, akavaa viatu. Si mtu mbaya. Ni mtu wa barabara.

Mama Tatiana amerudi kunisalimia. Nilishukuru, sikujua kama atarudi. Tulikaa chini ya baraza, Hawa anamsuka Tatiana nywele.

“Piga simu,” Mama Tatiana akasema. “Sema umetoka Mutshatsha. Kambo atakuuliza tiketi?”

Hawa akacheka. Hata mi.

“Mi niko nasema kweli. Kauongo kadogo, mutoto anaoga. Siku imebakia ngapi?”

Nilishika simu. Nilitafuta namba. Joyeuse angeniamini, neno langu halijawahi kumrudia likiwa tupu, ndiyo maana amekaa kwenye mchanga mwezi na nusu bila mtu kumchunga. Kidole kilikuwa juu ya namba. Nikaona maji yanamchukua baada ya uongo wangu, na mi nabaki na uongo huo maisha yote.

Nikairudisha simu kifuani. Nikamwambia Mama Tatiana kwamba sidanganyi watoto wangu. Alinitazama tu. Naandika hapa nipasome mwenyewe siku nyingine: nilikuwa naogopa, nikaiita ile hofu ukweli.

Ijumaa, 1 Machi

Nimerudi. Nguo zote zina tope, hata za Dodo, hata hii kalamu.

Tuliondoka Jumanne. Hawa na Merdi nimewaacha kwa Mama Tatiana. Mwendesha pikipiki aliyekubali alikuwa mlevi kidogo, ndiyo maana alikubali. Kwenye kivuko cha kwanza tulibeba pikipiki na watu wengine wanne. Kwenye cha pili tulilala kwa wachoma makaa, mke wa mwenye nyumba akanipa mkeka na maji ya moto ya kumwogesha Dodo, wala hakuniuliza naenda wapi. Jumatano alasiri nikafika kwenye makaburi.

Majani yalikuwa yanafika kiunoni. Sikuwa na panga. Niling’oa kwa mikono mpaka nikaona msalaba wa chuma, umeinama upande wa kushoto. Tangu tumzike sikuwahi kurudi. Nilipaka pemba kwenye msalaba, nikapaka kwenye mikono yangu, na mvua ikaanza kuiosha nikiwa bado napaka.

“Mama, ni miye,” nikasema. “Nilimufunga Joyeuse na jina yako. Haukukuwa weye unaogopa maji, ni miye. Leo nafungula. Umuachilie mutoto.”

Nikasubiri. Sijui nilikuwa nasubiri nini. Dodo alikuwa anakula majani.

Kule hakuna réseau. Nilipoikaribia Kolwezi leo, simu ilipoamka tu, nilimwambia yule wa pikipiki asimame, nikapiga katikati ya barabara, malori yanapita.

“Maître, nimeenda! Nimetoka ku kaburi! Imefunguka!”

“Aksanti, mama. Lakini jana tulipimisha batoto bote ku ule muti. Kesho asubui tunaenda. Masomo ya maji imeisha.”

“Mumubebe hivi hivi! Mumuvalishe ile gilet ya kuelea!”

“Nilibaomba, mama. Mwalimu wa huku anasema mutoto hajagusa maji hata siku moja, hawezi kumupandisha. Na mi sikuweza kubishana.”

Anachosema ni haki. Mi mwenyewe ningesema vile.

Akampa Joyeuse simu.

“Nimeenda, mama yangu. Nimepaka pemba. Imefunguka.”

“Aksanti, mama. Kaburi iko namna gani?”

“Majani mingi.”

“Ulilima?”

“Nililima na mikono. Hapana yote.”

“Aksanti, mama.”

Alinishukuru kwa ajili ya kaburi. Juu ya ziwa hakusema neno.

Jumamosi, 2 Machi

Mashua imeondoka. Mama Hawa ananiambia Joyeuse alishuka mpaka mchangani, akawapungia wenzake mkono, halafu akarudi kumsaidia kuchagua mchele.

Jumapili, 10 Machi

Nilidhani bado tuna siku. Nilimwambia Mama Hawa ampeleke Joyeuse ukingoni, pale pafupi, yeye na yeye tu, asije mtoto wa kumcheka. Mwanamke yule amefunga duka lake ili aende. Nani anafanya vile kwa mtoto wa mwingine? Na huyu ndiye niliyemjibu mambo ya paka.

Leo Joyeuse mwenyewe kanisimulia, taratibu, kama anasoma somo.

“Tulienda. Mama Hawa aliingia, akaninyoshea mukono. Mi nilitembea mpaka pale maji inafika na kurudi. Miguu ikakatala.”

“Ulijaribu tena?”

“Tulienda siku tatu, mama. Inakatala tu. Moyo inapiga, macho inakuwa nyeusi. Mama Hawa anasema si kitu, nitazoea. Lakini tunarudi kwetu hivi karibuni.”

“Kambo amekuachilia, Joyeuse.”

“Najua, mama. Haiko juu ya Kambo.”

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa Waislamu umeanza. Hawa anafunga nusu siku, mama yake amemwambia inatosha kwa umri wake. Merdi naye amefunga, kutoka chai mpaka saa tatu.

Jumanne, 26 Machi

Hawa ameenda. Alinikumbatia shingoni, akasema atanitumia ndakala. Yeye na Joyeuse watapishana njiani, mabasi mawili, hawatajuana hata sura. Wamebadilishana mama miezi karibu mitatu na hawajawahi kuonana.

Ninaogopa kuandika hili. Mtoto huyu nimecheka naye kuliko nilivyocheka na wangu. Kwake sikuwa na cha kulinda, hivyo mdomo ulikuwa mwepesi. Wangu nampa amri tangu anaamka. Oga, kula, angalia, usiende, lapa.

Ijumaa, 29 Machi

Amefika. Amenenepa mashavu. Amesema “Shikamoo, mama,” halafu akajirekebisha, “Yambo, mama.” Akanipokea Dodo mikononi kabla sijamwomba.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Tumekula kuku. Merdi hakumwacha dada yake apumzike.

“Ile ziwa iko mukubwa sawa nini?”

“Sawa mbingu imeanguka chini.”

“Iko na kelele?”

“Inapumua. Hata ukilala inapumua.”

“Maji yake iko baridi?”

Joyeuse akaendelea kutoa mifupa kwenye nyama ya Dodo.

“Sijui.”

“Haujui? Si ulikala kule?”

“Merdi,” nikasema, “kula.”

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua inaaga. Nimewapeleka watoto Nzilo, upande wa juu wa ziwa la bwawa, ambako wavuvi wenyewe wanaoga. Niliuliza watu watatu kabla ya kwenda. Sikumwambia Joyeuse kwa nini tunaenda. Nilifikiri hivi: nitaingia mi kwanza. Mtoto akiona mama yake ndani ya maji anacheka, miguu yake itasahau.

Mi mwenyewe maji hayajawahi kunipita kifundo cha mguu. Nilifunga pagne, nikamwachia Joyeuse Dodo, nikaingia. Chini palikuwa pateketeke. Magoti. Mapaja. Baridi ilinikata pumzi, halafu ikaniachilia, na pagne ikapanda juu ikanizunguka kama ua. Ilikuwa tamu. Nina miaka ishirini na minane na sikujua kwamba ni tamu. Nikacheka kweli, si kwa kumwonyesha, na nikageuka anione.

Hakuwa anacheka. Alisimama mbali na ukingo, Dodo kifuani, mkono mwingine umekamata shati la Merdi.

“Mama, inatosha.”

“Njo, Joyeuse. Njo ushike mukono yangu.”

“Inatosha, mama. Toka.”

Nikarudi hatua moja nyuma, maji yakafika kiunoni, nimwone anaamini. Akapiga kelele. Wavuvi wakageuka kwenye mtumbwi wao. “Mumuache mama aoge!” mmoja akaita, wakacheka.

“Mama, toka! Nakuomba, toka!” Alikuwa analia, uso wote umelowa. “Lapa hautaingia tena! Lapa ku kaburi ya Kambo!”

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Mpaka mkato wake.

Nilitoka haraka, nikateleza, nikatoka kwa magoti. Nikafika mbele yake natiririka maji.

“Nimetoka, mama yangu. Unaona? Niko muzima.”

“Lapa.”

“Hapana, Joyeuse. Ile sitalapa.”

“Juu ya nini? Miye si nililapa?”

Nilifungua mikono nimkumbatie, na yeye akamhamisha Dodo upande wa pili, asiloweshwe na nguo zangu.